Kilomita Moja kwa Shilingi 35: Kisa cha Madereva wa Uber Nairobi

Mwishoni mwa Julai 2016 madereva wa Uber jijini Nairobi waliwasha simu wakakuta bei mpya. Kilomita moja iliyokuwa shilingi 60 imekuwa 35. Dakika moja ndani ya gari iliyokuwa shilingi 4 imekuwa 3. Safari fupi kabisa, ambayo abiria hakuweza kuilipia chini ya 300, sasa inaweza kuishia 200. Barabara ni zilezile, foleni ya Mombasa Road ni ileile, na pampu ya mafuta haikupunguza hata senti.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwa muda wa miaka minane kinachotokea pale mtu wa mkataba, asiye mwajiriwa, anapopunguziwa malipo na anayempa kazi. Mfasiri anayelipwa kwa neno anaijua hali hii. Mpiga picha anaijua, na fundi wa ujenzi anayechukua vibarua vya mkandarasi mkubwa anaijua pia. Ila kwao hutokea faraghani: barua pepe ya mistari mitatu, au simu ya "mwezi huu tumebanwa". Nairobi ilitokea kwa maelfu ya safari kwa siku moja, mbele ya macho ya abiria, na majibu ya madereva yakaonekana.

Tuanze na swali linalopuuzwa: hapa nani alikuwa mteja wa nani?

Uber ilifika Nairobi Januari 2015. Teksi za jijini wakati huo zilikuwa za kupatana bei dirishani: unasema unaenda wapi, dereva anataja kiasi, unashusha, anapandisha, mnakutana katikati. Programu ilileta bei iliyopangwa. Dereva aliyejiunga aliitwa mshirika. Kwa maelezo ya kampuni yeye ni mfanyabiashara huru, abiria ndiye mteja wake, na kampuni inampa tu huduma ya simu ya kuwakutanisha, kwa kamisheni ya asilimia 25 ya kila nauli. Ukiyafuata maelezo hayo hadi mwisho, dereva ndiye anayeinunua huduma ya Uber. Sasa mwenye duka hununua mizani, na aliyemuuzia mizani hamwambii sukari auze bei gani. Huyu wa Nairobi aliambiwa. Bei iliposhuka, madereva walilalamika kwamba hawakuulizwa lolote, na kwa kweli mkataba haukumlazimu mtu yeyote kuwauliza.

Kampuni ilikuwa na sababu, na ni haki kuitaja. Mapema mwezi uleule wa Julai, kampuni ya simu Safaricom na kampuni ya programu za kompyuta Craft Silicon walizindua Little, programu nyingine ya teksi, kwa shilingi 55 kwa kilomita, chini ya 60 ya Uber. Taxify na Mondo Ride, za namna hiyohiyo, nazo zilikuwa zinagombania abiria walewale. Uber ikajibu kwa kushuka chini ya Little, ikisema nauli nafuu itawavuta watu wengi zaidi, hivyo dereva atakaa bure muda mfupi na mwisho wa wiki atakuwa na mapato yaleyale au zaidi. Iliahidi pia kuwafidia madereva kwa muda, kwa masharti.

Kwa upande wa kampuni hesabu hiyo inakubali. Mapato yake ni asilimia ya nauli zote. Nauli ikishuka kwa theluthi moja na zaidi kidogo, kisha safari zikawa mara mbili, kampuni imepata zaidi ya zamani bila kununua lita moja ya petroli. Kosa ni kudhani kwamba hesabu ya dereva ni ileile.

Chukua safari kutoka katikati ya jiji hadi Lang'ata, tuseme kilomita 10 na dakika 25, na tuiache ada ya kuanzia pembeni. Kwa bei ya zamani: kilomita shilingi 600, dakika shilingi 100, jumla 700. Kamisheni ya robo ikitoka, dereva anabaki na 525. Kwa bei mpya: kilomita 350, dakika 75, jumla 425, na baada ya kamisheni anabaki na 319. Sasa mafuta. Petroli wakati huo ilikuwa chini ya shilingi 100 kwa lita. Kilomita 10 za abiria, ongeza kama 5 za kwenda tupu kumfuata, kwa gari dogo linalosota kwenye foleni: mimi naweka shilingi 150, na wewe unaweza kuweka yako. Zamani alibaki na 375. Sasa anabaki na 169.

Nauli imeshuka asilimia 39, lakini kilichobaki mkononi kimeshuka asilimia 55, kwa sababu punguzo lilikatwa kwenye jumla wakati gharama imesimama palepale. Ili apate kile alichopata kwa safari nane, dereva huyu sasa anahitaji karibu safari kumi na nane. Kumi na nane za dakika 25 ni saa saba na nusu za abiria kuwa ndani ya gari, kabla hujahesabu za kumfuata, kumsubiri getini na kutafuta pa kugeuzia. Na bado hatujagusa tairi, breki, bima wala marejesho ya mkopo. Mtu wa mkataba anayeambiwa "ni asilimia kumi tu" afanye hesabu hii kabla ya kujibu. Kumi ya jumla inaweza kuwa ishirini au thelathini ya kile anachopeleka nyumbani.

Majibu ya madereva hayakuwa ya aina moja, na nadhani kilichoyatofautisha zaidi ni deni kuliko ujasiri. Kulikuwa na aliyemaliza kulilipia gari lake. Kulikuwa na wa gari la mkopo, na mwaka huohuo wa 2016 Uber na Sidian Bank walikuwa wamefungua mpango wa kuwakopesha madereva magari. Na kulikuwa na dereva wa gari la mtu, ambaye jioni lazima ampelekee mwenye gari kiasi kilichopatanwa, nauli ikiwa 60 au 35. Wa kwanza angeweza kuizima simu na kurudi kwenye wateja wake wa zamani. Wa pili na wa tatu walibanwa. Benki haikupunguza rejesho kwa kuwa kilomita imeshuka bei, na madalali hawachelewi kulifuata gari. Watu hawa ndio walioongeza saa. Walikesha wakisubiri ndege za usiku, wakalala ndani ya gari, wakaamkia safari za alfajiri. Kila saa waliyoongeza iliongeza magari yanayongoja abiria walewale, kwa hiyo kila mmoja akazidi kusubiri. Jibu lililomfaa mmoja liliwaumiza wote, na siwezi kumlaumu aliyelichagua.

Jibu la pili kila abiria wa Nairobi analifahamu. Umeita gari, simu inalia: "Unaenda wapi? Unalipa keshi ama kadi?" Ukitaja mahali pasipomlipa, au ukisema kadi wakati anahitaji pesa ya mafuta mkononi, safari inafutwa. Abiria wengi waliona huu ni ufidhuli. Mimi nauona ni mtu anayejaribu kurudisha kidole kimoja kwenye bei aliyopokonywa. Hawezi kubadilisha bei ya kilomita, lakini anaweza kuchagua kilomita zipi. Akitaka kukaa ndani ya programu ataikataa safari ya shilingi 200 ng'ambo ya foleni. Akitaka kutoka, atakwambia, "Futa kwa simu, nikupeleke kwa bei hiyohiyo." Robo ya kamisheni inabaki kwake, na abiria haongezi kitu.

Hili la kutoka nje ya programu lina gharama ambayo haijaandikwa popote. Safari iliyofutwa haina kumbukumbu. Kukitokea wizi, ajali au jambo baya zaidi, hakuna rekodi ya nani alimchukua nani, na hilo linamhusu dereva sawa na abiria, maana madereva nao wamewahi kuvamiwa na watu waliojifanya abiria. Usalama uliotangazwa kuwa faida ya kwanza ya programu ulipotea pale ambapo bei haikutosha kuulipia.

Kisha zikaja simu mbili, tatu kwenye dashibodi: Uber, Little, Taxify, yoyote itakayolia kwanza. Hili naliona jibu la busara kuliko yote ya mwanzo. Mtu anayetegemea mteja mmoja kwa kazi yote hana cha kusema siku bei ikishuka, hata awe hodari namna gani. Lakini hata hapa faida ilikuwa na mpaka, kwa sababu kila kampuni ilimtazama mwenzake, na kuwepo kwa wengi ndiko kulikokuwa kumeishusha bei tangu mwanzo.

Na lipo jibu lisilotangazwa kabisa: kuahirisha. Sevisi inasogezwa mwezi mmoja, tairi inasukumwa hadi iwe kipara, kiyoyozi kinazimwa jua likiwaka. Gari ni mtaji, na dereva anayefidia nauli kwa kutolihudumia anakula mtaji wake kidogokidogo huku akiita chakula hicho mapato. Anakuja kugundua siku ya kuliuza.

Mgomo ulifuata Agosti 2016. Madereva walizima programu na kukusanyika kudai 60 yao. Wengine walioendelea kubeba walisumbuliwa barabarani na wenzao, jambo lililowapotezea huruma ya watu wengi na ambalo silitetei. Bei haikurudi. Mwanzoni mwa 2017 waligoma tena, safari hii pamoja na madereva wa kampuni nyingine, na Uber ikapandisha kilomita hadi shilingi 42. Kwa harakaharaka ulionekana ushindi. Ukipima kutoka 35 ni nyongeza ya asilimia 20. Ukipima kutoka 60 dereva bado amepoteza 18 katika kila kilomita, na sasa mazungumzo yote yataanzia 42. Hapa naona hasara kubwa kuliko zote za mwaka ule. Bei mpya ikishakaa miezi sita bila kukataliwa kwa maandishi, inageuka kuwa ndiyo bei, na anayedai ya zamani anaonekana anaomba nyongeza.

Kwa nini migomo haikufika mbali? Sidhani ni uoga. Mgomo wa mtu wa mkataba unalipiwa na mgomaji peke yake. Hana mfuko wa chama, hana mshahara uliolimbikizwa, na rejesho la Ijumaa halijui kama kuna mgomo. Kampuni inaweza kungoja siku kumi, ilhali dereva wa gari la mtu hawezi kungoja siku tatu.

Kundi la wadai 35, Kanuri Limited na wenzake 34, lilichagua njia nyingine na kwenda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 2016, likidai mkataba umevunjwa kwa kupunguzwa nauli. Utetezi wa Uber Kenya ulinishangaza nilipousoma mara ya kwanza: kwamba kampuni ya Nairobi siyo iliyofunga mkataba na madereva, mwenye mkataba ni Uber B.V. ya Uholanzi. Utetezi wa namna hiyo ulikuwa umefaulu Afrika Kusini, ambako Januari 2018 Mahakama ya Kazi iliutengua uamuzi uliowapa madereva hadhi ya waajiriwa, kwa kuwa walikuwa wameishtaki kampuni ya ndani badala ya ile ya Uholanzi. Nairobi haukufaulu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba Uber Kenya inaweza kushtakiwa, kwani mahusiano ya kampuni hizo mbili ni ya karibu mno kuwaambia madereva kwamba wamemshtaki asiyehusika. Ni ushindi wa maana. Lakini tazama tarehe: bei ilikatwa 2016, na miaka mitano baadaye kilichoamuliwa ni nani wa kumuuliza.

Februari mwaka huohuo wa 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofika mbele yake ni wafanyakazi wenye haki za kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Sababu ya kwanza waliyoitaja majaji ni ileile ya mizani na sukari: kampuni ndiyo inayopanga nauli, na dereva hana ruhusa ya kudai zaidi.

Kuna fundo la kisheria hapa ambalo madereva na wafanyakazi wengine wa mkataba wanapaswa kulijua mapema. Waajiriwa wakikaa pamoja na kudai bei moja, hayo ni majadiliano ya chama cha wafanyakazi na sheria inayalinda. Wafanyabiashara huru wakikaa pamoja na kupanga bei moja, kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 kinaweza kuyaita mapatano hayo njama ya kupanga bei. Kwa hiyo neno "mshirika" linafanya kazi mbili. Linamnyima dereva ulinzi wa mwajiriwa, na papo hapo linamtilia shaka anaposimama na wenzake. Ninapoona watu wakilipokea jina hilo kwa furaha siku ya kusaini, natamani mtu awasomee kifungu hicho.

Mwaka 2018 ulianza na ChapChap, daraja la Uber la bei nafuu zaidi kwa gari dogo la Suzuki Alto. Hakuna nauli iliyotangazwa kupunguzwa, lakini mwenye gari kubwa zaidi, aliyekopa ili alipate gari lenye sifa zilizotakiwa miaka miwili nyuma, akawa anashindana na dirisha la bei rahisi ndani ya duka lilelile. Mfasiri ambaye mteja wake ameanza kumpa "kupitia tu" tafsiri ya mashine kwa nusu ya malipo ataitambua mbinu hii mara moja: bei yako haijaguswa, ni kazi tu iliyohamishiwa mlango mwingine. Julai 2018 simu zilizimwa tena kwa siku kadhaa na mgomo ukaishia kwenye hati ya makubaliano. Mwaka uliofuata madereva walikuwa barabarani wakisema hati hiyo haitekelezwi.

Serikali iliingia kwa kanuni za 2022 zilizoweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 18, na Uber ikaenda mahakamani kuzipinga. Tanzania ilikuwa imethubutu zaidi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini ya huko, iliweka kikomo cha asilimia 15, na Aprili 2022 Uber ikasimamisha huduma nchini. Ilirudi mwanzoni mwa 2023, baada ya kikomo kupandishwa hadi 25. Dereva wa Dar es Salaam aliyeishi miezi ile ameona pande zote mbili: kamisheni nzuri kwenye karatasi, na simu isiyolia. Kamisheni, isitoshe, ni nusu tu ya jambo. Kampuni inayokatazwa kuchukua zaidi ya 18 bado inaweza kuishusha nauli yenyewe, na asilimia 82 ya kidogo ni kidogo.

Wakati huo petroli ilikuwa inapanda. Oktoba 2023 lita moja ya supa Nairobi ilifika shilingi 217.36, zaidi ya mara mbili ya ile ya 2016. Irudie safari yetu ya Lang'ata kwa bei hiyo ya mafuta na kwa kilomita ya 35, uone kinachobaki. Hakuna kitu.

Julai 2024 kukawa na mgomo mwingine. Kisha, kati ya Agosti na Septemba, madereva wengi wa Nairobi walifanya jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa wingi namna hiyo. Hawakuzima simu. Walipokea safari kama kawaida, lakini ndani ya gari walibandika orodha yao ya nauli, waliyoikokotoa wenyewe kwa kilomita, mafuta na gharama za gari, na wakamwambia abiria alipe hiyo. Kampuni ziliwaambia abiria wasilipe zaidi ya kinachoonyeshwa kwenye programu, na zikawaonya madereva kwamba akaunti zao zinaweza kufungwa.

Naliheshimu jibu hili kuliko migomo yote iliyotangulia, ingawa lilimtwisha abiria mzigo ambao hakuuomba. Kwa mara ya kwanza dereva alikuwa ameiweka bei yake kwenye maandishi, na kila mstari una sababu. Alichokuwa akidai ni gharama zilizohesabiwa, na mtu hakuweza tena kumjibu kwamba ni nyongeza tu anaitaka. Kama orodha hiyo ingekuwepo juma la kwanza la Agosti 2016, wakati Little bado inalipa 55 na kilomita ya 35 haijazoeleka, nadhani mazungumzo yangeanza mahali pengine.

Abiria alikuwa na simu yenye bei moja, dereva ana karatasi yenye bei nyingine. Wengine walilipa ya karatasi bila neno, wengine walishuka wakaita gari lingine. Na wengi waliinamiana dirishani kabla mlango haujafunguliwa, mmoja akishusha, mwingine akipandisha, hadi wakapatana.